Karani Mbele ya Waunda Programu

Makanisani kwetu huku Thika, anayesimama kutoa ushuhuda hueleza kwanza alikotolewa, ndipo aseme alikofikishwa. Nami nitafuata utaratibu huo, ingawa habari yangu ni ya kompyuta. Mimi ni karani wa hesabu. Nilisomea uhasibu, nikaajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika, na naishi Ruiru. Kwa miaka kadhaa nilijifunza kuunda programu usiku baada ya kazi, na kwa muda wote huo sikumwambia mtu yeyote kwenye mikutano ya waunda programu kwamba mchana wangu hupita nikiandika stakabadhi za saruji, misumari na mabati. Leo hilo ndilo jambo la kwanza ninalolitaja nikipewa kipaza sauti.

Kilichonisukuma kwenye programu ni M-Pesa. Wateja wa duka walizidi kuacha noti na kulipa kwa simu, na kila jioni nilibaki nyuma kulinganisha ujumbe wa malipo na vitabu vya stakabadhi, mstari kwa mstari, huku matatu za Ruiru zikijaa na kuondoka. Nikaanza kutafuta namna ya kuifanya kompyuta ilinganishe yenyewe. Nilianza na fomula za Excel, nikahamia Python kwa sababu mafunzo yake ni tele na ya bure, kisha nikaingia Django, chombo cha Python cha kujengea tovuti na mifumo ya ofisi. Nilikuwa peke yangu. Nikikwama, nilikwama usiku kucha.

Watu walionishauri walisema niende kwenye mikutano, na mikutano ilikuwa Nairobi. Ina historia yake. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ndizo zilizozaa Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za vurugu na kuzionyesha kwenye ramani, na dunia ikaona kwamba Mkenya anaweza kuunda kitu kikatumika hadi ng'ambo. Mwaka 2010 ukafunguliwa ukumbi wa iHub kwenye barabara ya Ngong, na tangu hapo ikawa kawaida: jioni hii watu wa Android, jioni ile watu wa Python, kesho hakathoni, mashindano ya kuunda programu. Kwa mkazi wa Nairobi ilikuwa neema. Kwa sisi wa Thika Road ilikuwa mashaka. Barabara kuu mpya iliyofunguliwa mwaka 2012 ilipunguza safari, lakini haikuondoa hesabu ya kurudi. Mkutano ukianza saa kumi na mbili jioni upande wa pili wa jiji, ufike mwisho wake saa tatu usiku, uvuke katikati ya mji kwa miguu, upate matatu ya pili, na mvua ikinyesha nauli ipande. Nilijifunza kuketi karibu na mlango, ili nitoke katikati ya mada bila kukanyaga watu.

Nilipokuwa ndani nilikaa kimya. Watu walijitambulisha kwa majina ya kampuni zao. Vipakatalishi vyao vilijaa stika za mikutano ya miaka iliyopita. Aliyeniuliza ninachofanya nilimjibu, "Najifunza Python," nikaishia hapo. Nilidhani duka la saruji lingenitoa kwenye hesabu ya watu wa kuongea nao.

Mambo yalibadilika mikutano ilipoanza kunifuata barabarani kwangu. Ukitoka Nairobi kuelekea Thika unapita vyuo vikuu kama vituo vya basi: Kenyatta pale Kahawa, Zetech pale Ruiru, Jomo Kenyatta pale Juja, kisha Mount Kenya mjini Thika kwenyewe. Vilabu vya wanafunzi vya kuunda programu, vikiwemo vile vya Google ambavyo tangu 2024 vinaitwa GDG on Campus, vilifungulia milango watu wa nje. Msimu wa DevFest, mikutano ya kila mwaka ya vikundi hivyo vya Google, ulipofika, miezi ya mwisho ya mwaka, mikutano ilifanyika Jumamosi mchana. Nilipanda matatu hadi Juja kwa nauli ndogo, nikarudi nyumbani jua likiwaka. Kwa mara ya kwanza nilisikiliza mada hadi mwisho, na nikabaki wakati wa chai, ambapo mazungumzo yenye faida hufanyika.

Siku mojawapo, kijana wa mwaka wa tatu alikuwa akieleza namna ya kuunganisha mfumo na Daraja, mlango ambao Safaricom ilifungulia waunda programu mwaka 2017 ili mifumo yao ipokee malipo ya M-Pesa moja kwa moja. Alieleza vizuri. Unasajili anwani ya seva yako, mteja akilipa ujumbe unakuja kwenye anwani hiyo, mfumo unaandika "amelipa", kazi imekwisha. Nikainua mkono kabla sijajizuia.

"Pesa ikiingia na haijulikani ni ya nani, unaiweka wapi?"

"Kwenye hifadhidata," alijibu.

"Ndiyo, lakini katika akaunti gani?"

Alinitazama, akawatazama wenzake. Nikaeleza kwa ufupi jinsi wahasibu wanavyoishughulikia pesa ya aina hiyo, nikaketi nikiwa nimelowa jasho. Wakati wa chai, mwandalizi wa mkutano, binti aliyekuwa akikamilisha masomo yake, alinijia na mandazi mkononi. "Dada, kumbe wewe ni mhasibu?" Nikakiri. "Basi kikao kijacho wewe ndiye utakayetufundisha." Nilikuwa na sababu nyingi za kukataa, naye alikuwa amekwisha kuandika jina langu.

Kesi niliyoichagua kufundishia ilikuwa ya ploti moja ya Ruiru. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru, karibu maradufu ya Thika, na anayepita barabara kuu huona wanakolala: maghorofa ya kupanga, safu baada ya safu, bedsita juu ya bedsita. Mwenye ploti hii ni mjane wa umri wa nyanya yangu, nami humwita Shosho kama wapangaji wake wanavyomwita. Kodi ilikuwa ikilipwa kupitia Paybill, nambari ya M-Pesa ya kupokelea malipo, na kila mpangaji aliagizwa aandike nambari ya nyumba yake mahali pa akaunti. Keateka, mtunza jengo, alinakili malipo kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mwanzo wa mwezi Shosho alinipigia simu: "Mwanangu, njoo uniangalilie. Huyu anasema amelipa na kitabu kinasema hajalipa."

Nilipoipakua orodha ya malipo nilielewa shida ilikuwa wapi. Mpangaji wa B7 aliandika "B7". Mwezi uliofuata akaandika "b 7", kisha "nyumba b7", kisha "rent". Mama mmoja wa ghorofa ya tatu aliandika jina la mtoto wake wa kwanza kila mwezi bila kukosa, kwa kuwa ndilo jina ambalo jengo zima linamjua kwalo. Mwingine aliandika 8 mahali pa B kwa sababu rangi ya herufi hiyo mlangoni pake ilikuwa imechubuka. Kwa mtazamo wao wote walikuwa wamelipa, na walikuwa sahihi.

Daraja ina njia ya kuzuia hayo. Mwenye Paybill anaweza kuomba mfumo wake uwe unaulizwa kwanza, kabla malipo hayajapokelewa: je, akaunti hii ipo? Mfumo ukijibu kwamba haipo, malipo yanakataliwa na pesa inabaki kwa mlipaji. Kila muunda programu niliyezungumza naye aliniambia hilo ndilo suluhisho. Nilimpelekea Shosho wazo hilo, akatikisa kichwa. "Kodi ikija usiirudishe, mwanangu. Ikirudi haitakuja tena." Anawajua wapangaji wake. Pesa iliyorudi kwenye simu tarehe moja jioni itakuwa imekwisha kununua unga na kulipia umeme kabla ya asubuhi.

Kwa hiyo nilifanya kama wahasibu wafanyavyo. Tuna akaunti ya muda, ambamo pesa isiyo na mwenyewe hukaa hadi itambuliwe. Haihesabiwi kuwa kodi ya nyumba yoyote, wala haipotei. Kila asubuhi keateka hufungua ukurasa mmoja kwenye simu yake, akaona malipo yaliyomo humo, akagusa jina: huyu ni mama wa ghorofa ya tatu. Mfumo hukumbuka, na mwezi unaofuata hautamuuliza tena. Kompyuta hufanya yale inayoyaweza, na mtu anayewajua wapangaji hufanya yaliyobaki.

Hilo ndilo nililokwenda kulisema Juja. Kabla ya kuweka orodha kwenye projekta niliondoa majina na nambari za simu, kisha nikawaambia wasikilizaji kwa nini: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimtofautishi mwenye benki na mwenye ploti. Nilijikaza kisabuni, nikasimama. Slaidi ya kwanza ilikuwa ni ule mstari wa "B7", "b 7", "nyumba b7", "rent". Ukumbi ukaangua kicheko, kwa sababu karibu kila mtu mle ndani alikuwa mpangaji na alikuwa amewahi kuandika hivyo hivyo.

Kicheko hicho kilinipa nguvu ya kuingia kwenye mambo mazito. Niliwaeleza kwamba ujumbe wowote unaosafiri kwenye intaneti unaweza kufika mara mbili, na unaweza usifike kabisa. Wa kufika mara mbili una dawa rahisi: kila malipo ya M-Pesa yana nambari ya risiti ya herufi na tarakimu 10, ya kipekee. Ukiiambia hifadhidata isikubali nambari moja iandikwe mara mbili, ujumbe wa pili utakataliwa wenyewe, na mpangaji hataonekana amelipa kodi ya miezi miwili. Usiofika dawa yake ni ya kikarani: mwisho wa siku chukua taarifa ya Paybill, uilinganishe na vitabu vyako, jumla kwa jumla. Tofauti ya shilingi moja ina maana kuna kitu. Vijana walinishangaa nilipowaambia kwamba dukani hatuendi nyumbani kabla shilingi hiyo haijapatikana.

Nilikuwa nimeanza kwa Kiingereza cha ofisini. Aliyeuliza swali la kwanza aliuliza kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kiswahili, na tangu hapo mikono ikawa mingi. Binti mmoja akauliza kwa nini, keateka akigusa jina lisilo sahihi, nisiifute tu ile rekodi. Nikamwambia mhasibu hafuti. Luca Pacioli alichapisha maelezo ya uandishi wa hesabu wa pande mbili huko Venice mwaka 1494, na hadi leo kosa husahihishwa kwa kuandika mstari mwingine wa kulibatilisha, ili atakayekuja kukagua aone lililotendeka, lini, na nani alilitenda. Mpangaji anayebishana na Shosho ana haki ya kuonyeshwa njia yote. Yule kijana wa mwaka wa tatu, mwenye mada ya Daraja, alikuwa mstari wa mbele akinakili.

Nilipoketi nilikuwa mtu mwingine, na nataka kusema kwa usahihi kilichobadilika, maana ushuhuda wa jumla jumla haumsaidii mtu. Ujuzi wangu wa Python ulikuwa ule ule wa jana yake. Kilichobadilika ni imani yangu kuhusu nani ana haki ya kusema. Nilikuwa naamini kwamba anayepanda jukwaani ni yule aliyemaliza kujifunza. Niliona kwamba wasikilizaji wanamhitaji aliyekutana na shida halisi na kukaa nayo muda mrefu. Na huku kwetu, wanaokaa na shida kwa muda mrefu ni makarani, makeateka, wauguzi na makanga wa matatu.

Baadaye niligundua kwamba historia ya M-Pesa yenyewe inathibitisha hilo, na kwamba mji wangu umo. Majaribio yake yalipoanza Oktoba 2005, Thika ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochaguliwa, pamoja na Mathare jijini Nairobi. Vodafone na Safaricom walishirikiana na Faulu, shirika la mikopo midogo, na lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo yao kwa simu. Wakopaji walirejesha, lakini wakafanya na mengine ambayo hayakuwa kwenye mpango: wakatumiana pesa wao kwa wao, wakawatumia jamaa zao, wakalipana kwa biashara. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lilihimiza watu watume pesa nyumbani, na mikopo haikutajwa. Wafanyabiashara wadogo wa Thika na Mathare waliwaonyesha wahandisi matumizi ya kitu walichokuwa wamekiunda.

Hata Django haikuzaliwa katika maabara kubwa. Adrian Holovaty na Simon Willison waliianza mwaka 2003 wakiwa katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimboni Kansas, Marekani, mji mdogo kuliko Ruiru, kwa sababu chumba cha habari kilihitaji kurasa mpya haraka na makataa ya gazeti hayasubiri. Ilipotolewa kwa umma mwaka 2005 ilikuwa tayari imefanya kazi ya kweli.

Novemba 2023 DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Django barani, ilifanyika kwa mara ya kwanza, Zanzibar, nami nilikwenda kama msikilizaji. Mtanzania mmoja aliposikia habari za Shosho alicheka hadi akashika meza. Aliniambia kwamba mimi nina mtandao mmoja tu wa malipo wa kulinganisha. Yeye wakati huo alikuwa na wateja waliolipa kwa M-Pesa ya Vodacom, Tigo Pesa, Airtel Money na Halopesa, na kila mtandao ulikuwa na taarifa yenye mpangilio wake. Tulikaa tukichora safu za jedwali kwenye karatasi ya ratiba. Sikumbuki mada nyingi za wiki ile kama ninavyoikumbuka karatasi ile.

Nisitie chumvi. Mikutano hii ina kasoro zake. Msemaji halipwi, na mara nyingi nauli ni yake. Kuna wanaokuja kwa ajili ya fulana na samosa, wakatoweka zikiisha. Wanawake bado ni wachache. Nilialikwa mahali fulani nikadhani nitasema kuhusu malipo, kumbe nimewekwa kwenye jopo la kueleza ugumu wa kuwa mwanamke katika teknolojia. Nilipofikiwa na kipaza sauti nilisema kuhusu akaunti ya muda. Wala sijawa tajiri. Bado nipo dukani, ingawa ploti kadhaa za Ruiru na Juja sasa zinatumia mfumo ule, na malipo yake yananilipia intaneti na kusaidia karo ya mdogo wangu.

Lakini tumeanza kitu. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana Ruiru, kikundi kidogo, mada fupi za dakika 10. Sharti ni moja: lete shida kutoka kazini kwako. Muuza dawa alileta namna anavyofuatilia tarehe za dawa kuisha muda, kwa kuwa zikipita hasara ni yake. Kanga wa zamani, ambaye sasa anasoma usiku, alileta hesabu ya siku ya matatu: mafuta, faini, pesa ya chama, ya mwenye gari, na kile kinachobaki. Mwalimu wa shule ya msingi alileta alama za mtaala mpya, ambazo huandikwa kwa viwango vya umahiri mahali pa asilimia, na tukatumia asubuhi nzima kuuliza jinsi ya kuzijumlisha, na kama zinapaswa kujumlishwa hata kidogo. Hakuna kati yao aliyejiita muunda programu alipoingia. Wengine hawajiiti hivyo hadi leo, na mada zao ndizo wanafunzi wa vyuo wanazoziomba tena.

Anayetaka kuanza, nampa utaratibu ninaowapa wenzangu wa Ruiru. Chagua shida moja tu, ile inayokuchelewesha kutoka kazini. Andika sentensi tatu: shida ni ipi, ulijaribu nini, msikilizaji ataondoka na nini. Ndani ya mada onyesha kitu halisi, orodha, stakabadhi au ukurasa wa daftari, baada ya kuondoa majina ya watu. Fanya mazoezi mbele ya mtu asiyejua programu, na palipomchosha, punguza. Ukimaliza, mtumie zile sentensi tatu mwandalizi wa mkutano ulio karibu nawe, Thika, Juja au popote ulipo. Usiogope kwamba nafasi zimejaa. Nimekaa na waandalizi wa kutosha kujua kwamba hadi wiki ya mwisho huwa bado wanatafuta wasemaji.